Protini iliyomeng'enywa kwa vifaranga vya samaki wa baharini: hatua kwa hatua

Nimeandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye vifaranga wake walikuwa wakifa hali chakula kipo. Kifaranga wa samaki wa baharini huanza kula kabla tumbo lake halijaanza kutoa asidi wala pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini. Hutegemea tripsini, kimeng'enya cha kongosho, na vimeng'enya vya ukuta wa utumbo, kwa hiyo protini iliyokwisha kukatwakatwa kuwa peptidi fupi (vipande vidogo vya protini) humpunguzia kazi.

Hatua ya 1: Chagua. Chukua protini iliyomeng'enywa kwa vimeng'enya kutokana na samaki wabichi. Ile ya asidi kali mimi siitumii kabisa, maana asidi huharibu triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Unga wa protini hii hunyonya unyevu, ufunge vizuri.

Hatua ya 2: Kiasi. Anza na gramu 10 katika kila gramu 100 za chakula, ukipunguza unga wa samaki kwa kiasi hicho hicho. Usiondoe unga wa samaki wote. Majaribio ya Ufaransa miaka ya 1990 kwa samaki aitwaye besi wa baharini yalionyesha kuwa kiasi cha wastani husaidia, kikizidi ukuaji hurudi nyuma.

Hatua ya 3: Saga, changanya, chekecha upate chembe za mikroni 100 hadi 400 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kulingana na mdomo wa kifaranga.

Hatua ya 4: Pima kinachopotea majini. Tafadhali usiiruke. Peptidi fupi huyeyuka, na chembe ndogo hivyo huzimwaga ndani ya dakika chache. Mimi nilimaliza siku nzima nikitafuta ugonjwa: povu lisilopasuka limeganda kwenye ukuta wa tangi, na chini ya hadubini matumbo ya vifaranga ni matupu, yanapitisha mwanga kama kioo. Hapakuwa na ugonjwa. Nilikuwa nalisha maji, na bakteria wakashiba.

Kausha chakula kwanza, la sivyo unyevu wake utauhesabu kama hasara. Pima gramu 1, tia katika mililita 100 za maji ya bahari yenye joto la tangi lako, koroga taratibu dakika 5, kisha chuja kwa karatasi uliyokwisha kuipima. Suuza kwa maji baridi kidogo yasiyo na chumvi. Mara ya kwanza sikusuuza, na chakula kikatoka kizito kuliko kilivyoingia! Ilikuwa chumvi, nami nikarudia kupima mara tatu nikidhani mizani imeharibika. Kusuuza nako huondoa peptidi, hivyo tumia maji ya kiasi kile kile kila mara, na pima sambamba chakula kisicho na protini hii. Kausha, pima tena, linganisha.

Hasara ikiwa kubwa, ongeza kigandishi. Napendelea alginati, itokanayo na mwani, kuliko gelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa sababu gelatini hulainika maji yakiwa ya vuguvugu. Lakini alginati hugandishwa ndani ya maji yenye kalsiamu, na humo pia peptidi hutoka. Usiache chembe zikae humo. Ukizidisha alginati, kifaranga hushindwa kuimeng'enya.

Hatua ya 5: Lisha kidogo kidogo, mara nyingi, pamoja na rotifa au artemia (viumbe wadogo wa majini wanaoliwa wakiwa hai), ukipunguza chakula hai siku hadi siku. Nusu saa baada ya kulisha, mtoe kifaranga mmoja umwangalie kwa hadubini. Utumbo ukiwa na rangi ya chakula, endelea. Ukiwa mtupu, rudi hatua ya 4.