Taa za mchana haziwashi nyuma: kagua gari lako hatua kwa hatua

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga. Kinachoniumiza roho ni gari linaloelekea Pongwe saa kumi na mbili na nusu jioni, mbele linang'aa, nyuma giza tupu. Dereva anaona mwanga mbele, dashibodi inawaka, anaamini taa zote zimewaka. Kumbe ni taa za mchana tu.

Taa hizo hujiwasha ukiwasha injini, ili wenzako wakuone. Uswidi ililazimisha kuwasha taa mchana mwaka 1977, Kanada ikazidai kwa magari mapya kuanzia Desemba 1989. Hazikutengenezwa kumulika barabara, na kwa magari mengi haziwashi kitu nyuma.

Hatua ya 1. Giza likianza kuingia, egesha nyuma ya gari ielekee ukuta mweupe, mita moja hivi. Washa injini, swichi ya taa iache imezimwa. Tazama ukuta kwenye kioo. Kama huoni wekundu, anayekuja nyuma yako naye hauoni.

Hatua ya 2. Zungusha swichi hadi kituo cha kwanza. Ukuta uwe mwekundu, na taa ya kumulika namba iwake. Kwenye dashibodi tafuta alama ya kijani ya taa mbili zilizopeana mgongo. Hiyo ndiyo ya kuamini. Kituo cha pili ni taa kubwa. Alama ya buluu ni fulu, yaani mwanga wa mbali, ukikutana na mwenzako shusha dimu.

Hatua ya 3. Weka kitu kizito juu ya pedeli ya breki, shuka uangalie. Globu ya nyuma kwa magari mengi ina nyuzi mbili: wa wati 5 wa usiku na wa wati 21 wa breki. Mmoja hukatika mwingine ukabaki, kwa hiyo breki kuwaka hakumaanishi globu ni nzima. Zima taa, toa globu, itazame kwenye mwanga. Pini zake haziko usawa. Ikikataa kuingia igeuze, usiilazimishe.

Chungulia na soketi. Upepo wetu wa bahari una chumvi, huacha unga wa kijani kwenye shaba. Mama mmoja wa Raskazone alibadilisha globu tatu bure, nikasugua soketi kwa msasa laini, taa ikawaka. Na ukikanyaga breki indiketa ikawaka kwa unyonge, angalia kwanza waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Hatua ya 4. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi globu moja upande huo imekufa. Hazadi, yaani indiketa zote kupepesa pamoja, ni za gari lililosimama. Nawaomba sana, msiziwashe mkitembea kwenye mvua: wa nyuma hatajua unakata wapi.

Hatua ya 5. Wenye swichi ya taa za kujiwasha zenyewe, mvua ya masika ikipiga mchana kihisio huweza kuona bado kuna mwanga, kikaacha nyuma giza. Zungusha kwa mkono, hadi kituo cha pili.