Tengeneza mwenyewe boksi la taa linalopumua mtu akilikaribia

Watu wengi wakitaka kuanza sanaa ya namna hii, ile inayomjibu anayeitazama, wanakimbilia kununua vifaa kwanza. Mi nakushauri uanze na sentensi moja tu, mtu atafanya nini na kazi yako itamjibu vipi. Ya kwetu leo ni hii: mtu akiwa mbali boksi linapumua harakaharaka, akisogea linatulia na kupumua taratibu. Ukishakuwa nayo hiyo hata sensa, kile kifaa cha kuhisi, inajichagua yenyewe maana unajua unatafuta umbali, sio mguso wala sauti.

Unahitaji bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), sensa ya umbali HC-SR04, mkanda wa taa za WS2812 wenye taa 30, adapta ya volti 5 na ampea 3, rizista ya ohm 470, kapasita ya mikrofaradi 1000, waya, boksi la kadibodi na karatasi nyeupe nyembamba ya kuziba upande wa mbele. Bodi yoyote utakayokuwa nayo inafaa, ila kama ni ESP32 kumbuka pini zake ni za volti 3.3 na sensa hii inarudisha volti 5, kwa hiyo pini ya Echo ya sensa, ile inayotoa jibu, ipitishe kwenye rizista mbili za kugawa volti kwanza, la sivyo unaweza kuiunguza bodi.

Umeme ndo unaowakwamisha wengi kwahiyo tulia hapa. Kila taa ya WS2812 ikiwaka nyeupe kabisa inakula kama mili-ampea 60, zidisha kwa 30 unapata ampea 1.8, na USB ya kompyuta ya kawaida inatoa nusu ampea tu. Ukichukua umeme wa taa kwenye bodi utaona taa za mwisho zinageuka njano au bodi inajizima na kuwaka tena bila sababu. Taa zipate umeme wao kutoka kwenye adapta, halafu negativu ya adapta na graundi ya bodi ziunganishwe pamoja, usisahau hiyo, bila graundi ya pamoja taa zinachezacheza ovyo na utakesha unatafuta kosa kwenye programu wakati programu haina kosa lolote. Kapasita ikae kati ya chanya na hasi mwanzoni mwa mkanda, mguu mrefu kwenye chanya, rizista ikae kwenye waya wa data. Angalia pia mshale uliochorwa kwenye mkanda, data inaingia upande mmoja tu.

Sasa sensa. Inatoa mlio usiosikika kwa masikio, mlio unagonga mtu unarudi, wewe unapima muda wa kwenda na kurudi. Muda kwa mikrosekunde ukizidisha kwa 0.0343 kisha ukagawa kwa mbili unapata sentimita. Rahisi kwenye karatasi, ila kuna mitego miwili ambayo ilinila wiki nzima. Wa kwanza, amri ya pulseIn, ile inayopima muda huo, isipopata jibu inasubiri sekunde nzima, na muda wote huo taa zimeganda, yaani kitu kinachotakiwa kuonekana kiko hai kinakufa kidogo kila mtu akiondoka. Iwekee kikomo cha mikrosekunde 25000, hiyo inatosha kupima zaidi ya mita 4. Mtego wa pili, kikomo kikipita inarudisha sifuri, na programu ikichukulia hiyo sifuri kuwa ni umbali itadhani mtu amebandika uso kwenye boksi kumbe chumba kitupu. Ukipata sifuri andika 200, maana yake hakuna mtu karibu.

Halafu namba zinaruka. Nguo nzito inameza mlio, mtu akisimama upandeupande mlio unaenda kwingine, unasoma 80, 81, 193, 79. Hiyo 193 ndo inayoharibu kila kitu. Dawa yake ni kuhifadhi vipimo vitano vya mwisho, uvipange kwa ukubwa, uchukue cha katikati, kisha ukilainishe:

umbali = umbali * 0.9 + kipimo * 0.1;

Pima kila milisekunde 60, ukiharakisha zaidi mlio wa zamani unarudi ukachanganyika na mpya.

Tuje kwenye kupumua kwenyewe, hapa ndo napapenda. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwahiyo mpe boksi pumzi ya sekunde 2.5 mtu akiwa sentimita 200 na sekunde 5 akiwa sentimita 40. Wengi wanaandika sin (hesabu ya wimbi linalopanda na kushuka) ya muda mara kasi, inafanya kazi vizuri mpaka kasi ibadilike, ikibadilika tu mwanga unaruka ghafla kutoka hafifu hadi mkali na ile hali ya kiumbe hai inapotea palepale. Badala yake kusanya hatua kidogo kidogo:

hatua += 6.283 / sekundeZaPumzi * mudaUliopita;
mwanga = (sin(hatua) + 1) / 2;

mudaUliopita ni sekunde tangu mzunguko uliopita, unazipata kwa millis, amri inayohesabu milisekunde, ukigawa kwa 1000. Hapo kasi ibadilike inavyotaka, mwanga unaendelea pale pale ulipokuwa. Kabla ya kuupeleka kwenye taa uzidishe mwanga kwa wenyewe, mwanga mara mwanga, kisha mara 255 ambayo ndo mwanga kamili wa taa, kwa sababu jicho linatambua tofauti ndogo kwa urahisi zaidi kwenye giza kuliko kwenye mwangaza na bila hivyo pumzi inaonekana imekaa juu muda mrefu halafu inadondoka. Na usitumie delay popote, amri hiyo inasimamisha programu nzima.

Ukitaka sauti unganisha kompyuta kwa USB. Mi natumia Processing, programu ya kuandikia msimbo kwenye kompyuta, ilianzishwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001 wakiwa MIT na tangu mwanzo waliwafikiria watu wa sanaa, inasomeka vizuri. Kutoka kwenye bodi tuma ile namba ya mwanga, usitume umbali, ili sauti na taa zipumue pumzi moja, ukiiacha kompyuta ihesabu pumzi yake zitapishana tu. Tuma mara 20 kwa sekunde, inatosha. Na ufunge kwanza dirisha la Serial Monitor, lile la programu ya Arduino linaloonyesha namba zinazotoka kwenye bodi, poti moja haiwezi kushikwa na programu mbili.

Boksi lenyewe halina mambo mengi, toboa matundu mawili ya macho ya sensa yabane vizuri, taa zielekee ukuta wa nyuma wa boksi mwanga urudi laini kwenye karatasi, ukizielekeza mbele utaona vidoti 30 badala ya mwanga mmoja. Waya zote za kudumu zilehemu, za kuchomeka zinachomoka watu wakianza kugusagusa, na watagusa.

Kisha lipeleke pale litakapokaa na ulipime hapohapo, kwa sababu ukuta ulio mbele unaweza kuwa sentimita 150 tu na boksi likaona mtu saa zote. Waite watu wawili watatu wasiojua linafanya nini, usiwaambie kitu, kaa pembeni uangalie miguu yao na mabega yao. Wakirudi nyuma haraka pumzi ni ya kasi mno, ongeza sekunde. Wakipita bila kusimama umbali wa kuanza kuitikia ni mfupi, uongeze. Badilisha namba moja kwa wakati mmoja. Ukimwona mtu amesimama na bega lake linapanda na kushuka pamoja na taa, usiguse tena zile namba, hifadhi faili na uandike tarehe kwenye jina lake.