Kuinua Hiace ya foo wili bila kuiumiza

Kwa njia za mawe za huku Mwanza, sentimita 4 zinatosha. Ukizidisha, ekseli za mbele zinakaa mshazari na mipira yake inachanika upesi.

Pima kwanza toka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pande zote nne. Piga jeki, kisha egesha kwenye stendi za chuma. Mawe hapana, tafadhali. Mbele, safisha nyuzi za bolti ya toshenba (fimbo ya chuma inayojipinda kubeba uzito wa mbele) kwa brashi ya waya, tia oili, kaza nusu mzunguko upande wa kulia wa gari, nusu upande wa kushoto. Shusha, sukuma gari mbele na nyuma, pima tena. Nyuma, ongeza jani la springi na yubolti (bolti ya umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli) ndefu, mpya. Hakikisha paipu za breki hazivutiki. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanyike kabla hujapakia mtu.