Somo: Kuendesha darasa dogo la kompyuta na mawasiliano mtaani

Wengi mmeniuliza namna ya kuanzisha biashara hii. Naeleza kwa hali ya Tanzania, ndiko ninakofanyia kazi.

Hatua ya 1: Jua unafundisha kazi gani

Hapa ndipo penye biashara yenyewe. Vituo vingi hutangaza "Word, Excel, intaneti". Mwanafunzi anamaliza kozi, na siku ya kuomba kazi serikalini bado anamlipa kijana wa duka la kopi amjazie fomu. Jambo hili linaniuma, maana mtu amelipia ujuzi halafu ameondoka bila huo ujuzi.

Kwa hiyo zunguka mtaani kwanza, uliza watu wanakwama wapi. Maombi ya kazi za serikali hupita Ajira Portal, tovuti ya serikali ya ajira. Mikopo ya elimu ya juu huombwa Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa mtandao. Zabuni za umma zilianza kupita kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023, na vikundi vingi vya vijana na akina mama vinauogopa. Hayo ndiyo masomo. Fundi seremala hana haja na kila kitufe cha Excel. Anataka kuandika ankara, kuituma kwa barua pepe ikiwa PDF, na kuwa na daftari la mauzo linalojijumlisha lenyewe.

Hatua ya 2: Makaratasi

TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) bila malipo, jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara (BRELA) kwa mtandao, leseni iulizie halmashauri yako. Usajili wa vyuo vya ufundi uko NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Waulize kozi yako inaangukia wapi kabla hujalipia chumba, na usimwahidi mtu cheti ambacho huna mamlaka ya kukitoa.

Hatua ya 3: Vifaa

Nunua laptop zilizotumika, si kompyuta za mezani. Umeme ukikatika darasa linaendelea, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haiishi haraka. Ila angalia: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Muuzaji akikupunguzia bei sana, huenda sababu ni hiyo. Mashine za namna hiyo ziwekee Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word na Excel, zote ni za bure. Bakiza angalau moja yenye Word, kwa sababu maofisini watakutana nayo.

Hatua ya 4: Bei

Piga hesabu kabla ya kutangaza. Tuseme kwa mwezi kodi ni shilingi 150,000, umeme 40,000, bando 60,000, akiba ya matengenezo 50,000, na mshahara wa mwalimu 300,000, hata kama mwalimu ni wewe mwenyewe. Jumla 600,000. Laptop 6 kwa vipindi 3 kwa siku ni nafasi 18, lakini usitegemee zijae zote, hesabu 12. Kila mmoja akilipa 50,000 umerudisha gharama tu, faida hakuna. Anayetoza 30,000 kwa gharama hizo anakula mtaji wake bila kujua.

Hatua ya 5: Darasani

Kila mtu na mashine yake. Wiki ya kwanza ni kuchapa, kuhifadhi faili na kulipata tena, basi. Mwalimu asishike kipanya cha mwanafunzi. Aelekeze kwa mdomo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nipo Makambako, nina laptop mbili tu. Nianze au nisubiri?*

Marahaba mwanangu. Anza. Fundisha wawili kwa kipindi, au wafuate wateja waliko: shule binafsi, vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), maduka ya dawa. Huko hulipi kodi ya chumba.

*Mkuu, wangu wanalipa nusu halafu wanapotea. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, igawe kozi vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande kilipiwe mwanzoni na kiishie na kitu mkononi: wasifu uliokamilika, ankara, akaunti ya Ajira Portal. Mtu akiona matunda mapema, anarudi.

*Mama zetu sokoni wana simujanja tu. Nao ni wateja?*

Tena wazuri sana, dada. Wafungulie darasa lao mchana, soko likipoa. Anza na matapeli wa ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kisha picha za bidhaa na WhatsApp Business. Namba ya siri aiweke mwenyewe, wewe ukiwa umegeuka pembeni.

*Naruhusiwa kutunza nywila za wanafunzi ili wakisahau niwasaidie?*

Hapana. Wafundishe kuirejesha wenyewe kwa namba ya simu au barua pepe. Hata namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na nakala za vyeti zifute mkimaliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inamhusu hata mwenye darasa la watu sita.