Nyota zako zimerefuka kama punje za mchele? Usiguse skrubu kwanza

Nyota ikitoka imerefuka kwenye picha uliyopiga kwa darubini, wengi tunakimbilia skrubu za kupangia kioo cha darubini. Mimi nilikesha siku tatu Dodoma nikikaza na kulegeza kioo kisicho na tatizo lolote, kumbe kosa lilikuwa kwenye stendi, ile yenye mota inayozungusha darubini ifuate nyota. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1. Piga picha mbili za eneo lile lile: ya sekunde 2, kisha ya sekunde 120. Kuza katikati ya picha mpaka uone pikseli. Kama nyota za sekunde 2 ni duara na za 120 zimerefuka, vioo ni vizima. Stendi ndiyo haifuati anga. Picha zote mbili zikiwa na kasoro, ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi kwetu: kulenga mhimili wa stendi, yaani fimbo inayozungukia, kwenye ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzungukia. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta: Nyota ya Kaskazini, ambayo wa kaskazini huilenga, hatuioni, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi. Basi chagua nyota iliyo juu kabisa, karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), uitazame dakika 5. Ikihamia kaskazini au kusini, zungusha stendi kidogo kushoto au kulia mpaka itulie. Halafu chukua nyota iliyo chini upande wa mashariki. Nayo ikihamia kaskazini au kusini, inua au shusha mhimili. Rudia zote mbili. Na kwa kuwa mhimili wetu umelala karibu sambamba na ardhi, hakikisha uzito wa kusawazisha haugongi mguu wa stendi.

Hatua ya 3. Angalia kona za picha. Zote nne zina nyota kama viluwiluwi, vichwa vikielekea katikati? Hiyo ni koma, kasoro ya kawaida ya darubini ya Newton (ya vioo) inayozipa mkia nyota za pembeni. Inataka lenzi ya kurekebisha, mara nyingi milimita 55 kutoka kwenye sensa, kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Kona moja tu? Zungusha kamera nyuzi 90: ubaya ukibaki kona ile ile ya picha, kamera imeinama; ukihama, tazama fokasa, sehemu ya darubini inayoshika kamera na kuweka fokasi. Nyota za pembetatu maana yake vishikizo vya kioo vimebana. Legeza mpaka karatasi ipite kati ya kishikizo na kioo. Mikia ikiwepo hata katikati, sasa ndiyo panga vioo.

Swali: Sekunde 30 ziko safi, dakika 5 zinarefuka mashariki-magharibi tu.
Jibu: Hiyo ni gia ya stendi, mwendo wake huyumba kila mzunguko. Ongeza kamera ya kuongozea (kamera ya pili, kwenye darubini ndogo, inayotazama nyota moja na kuisahihisha stendi), au piga nyingi za sekunde 30 uziunganishe.

Swali: Kamera ya kuongozea ninayo, bado zinarefuka.
Jibu: Sukuma darubini ndogo ya kamera hiyo kwa kidole. Ikicheza hata kidogo, kaza. Funga pia waya zinazoning'inia.

Swali: Kati ya picha 40, nne tu mbaya.
Jibu: Upepo. Zitoe hizo nne, unganisha zilizobaki.