Kocha wako asimame wapi? Msaada unaoruhusiwa kwa maveterani wa kuruka kwa upondo

Kwetu Uganda mtu akisema riadha anamaanisha kukimbia. Atakutajia Cheptegei, Kiplimo, vijana wa Kapchorwa, na wazee watarudi hadi Akii-Bua wa Munich 1972. Upondo, yaani kuruka juu ya mwamba (ule mti wa kulala juu ya nguzo mbili) kwa kutumia fimbo ndefu, ni wa watu wachache sana, na ukiwa na miaka 35 kwenda juu alafu bado unaruka basi mko wachache zaidi, kwa hivo rafiki anayekufundisha jioni ndo huyo huyo siku ya mashindano utamkuta amepewa bendera ya ujaji, au naye anaruka, au ndo aliyehangaika na konda wa taksi mpaka pondo zikafungwa juu ya paa. Hapo ndo watu hujikuta na kadi ya njano bila kujua imetoka wapi. Ukitaka kujua kama msaada fulani ni halali jiulize tu: anayesaidia amesimama wapi, ameshika nini, na leo ana kazi gani hapo uwanjani.

Na usidhani kuna kitabu chepesi cha wazee. Shirikisho la dunia la maveterani, WMA, linafuata sheria za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, isipokuwa pale walipobadilisha wenyewe, kama uzito wa tufe na urefu wa viunzi kulingana na umri. Kwenye mambo ya kocha na msaada sheria ni ile ile aliyoifuata Duplantis, bingwa wa dunia wa upondo, akiruka mita 6.30 Tokyo mwaka 2025, mvi zako hazikupunguzii kitu.

Tuanze na kusimama. Kocha haruhusiwi kuwa ndani ya eneo la mashindano, basi. Eneo lenyewe ni pale penye njia ya kukimbilia, boksi (kile kishimo cha kuchomekea upondo), nguzo, magodoro na benchi mnapokaa warukaji, na mara nyingi limezungushiwa kamba au vizuizi. Akiwa nje ya hapo anaweza kuongea na wewe vile anataka, apige kelele, aonyeshe mikono, ukimfuata kwenye kamba kati ya miruko mkaongea ni sawa kabisa, na sheria yenyewe inasema waandaaji wanafaa kutenga sehemu ya makocha jukwaani karibu na mchezo husika. Shida ni kwamba viwanja vyetu vingi havina jukwaa upande wa upondo, kuna nyasi tu na mti, kwa hivo fika mapema, mtafute refa kabla joto halijapanda na umuulize kwa heshima, "afande, makocha wa upondo wanakaa wapi leo?" Akishakuonyesha mahali kocha wako akae hapo hapo, asianze kusogea kidogo kidogo mpaka anajikuta amesimama kando ya boksi. Hao wanaosogea ndo wanaleta maneno.

Mahali pazuri pa kocha ni ubavuni, usawa wa pale mguu wako unaporukia, manake kutoka nyuma yako haoni kitu cha maana. Anachokutazamia ni mguu wa mwisho umekanyaga wapi ukilinganisha na mkono wako wa juu, na kwenye kelele za uwanja maneno hayafiki, kwa hivo muwe na ishara zenu mlizokubaliana nyumbani. Kwa mfano viganja viwili vikisogeleana maana yake umeingia ndani sana, rudisha alama nyuma nusu unyayo, viganja vikiachana maana yake uko mbali, sogeza mbele. Ngumi moja kifuani, shika chini kidogo kwenye upondo. Ishara tatu nne zinatosha, mkiwa na kumi mtachanganyana halafu saa inakimbia.

Sasa simu. Simu, redio, earphone, chochote cha namna hio hakiingii ndani ya eneo la mashindano, hata kama umeizima, hata kama ni ya kusikiliza nyimbo za kanisa. Saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo ni sawa lakini isiwe ile inayoweza kuwasiliana na mtu, na saa za siku hizi nyingi zinaweza, bora uiache kwa begi la kocha. Alafu hapa kuna raha moja ambayo wengi hawajui: kocha akiwa nje anaruhusiwa kukurekodi mruko wako, na wewe unaruhusiwa kwenda kwenye kamba ukaangalia video. Yeye anashika simu upande wake, wewe unaangalia ukiwa upande wako. Ukiichukua mkononi ukarudi nayo benchini ili umwonyeshe mwenzako, umeingiza kifaa ndani, na refa mkali hatasikiliza hadithi yako.

Jambo la tatu, la kazi, ndo linatuuma sana huku kwetu kwa sababu watu ni wale wale. Mwalimu aliyekufundisha amevaa fulana ya jaji leo. Anakuona unakanyaga ndani kila mara, roho inamuuma, anakunong'oneza "rudi nyuma kidogo." Hio hairuhusiwi. Ofisa wa mashindano hatakiwi kutoa ushauri au msaada ambao si sehemu ya kazi aliyopewa saa hio, na kuonyesha mrukaji pale aliporukia kumetajwa kabisa kama mfano wa makosa. Ukimuuliza jaji "mguu wangu uliangukia wapi?" unamtia matatani, na wewe pia. Muulize vitu vya kazi yake tu: mwamba uko urefu gani, nguzo zimewekwa sentimita ngapi, nani anafuata, nimebakiza muda gani. Na ndugu jaji ukisoma hapa, kama unajua utashindwa kunyamaza bora useme mapema upangiwe mkuki.

Na mnaoruka pamoja? Kupongezana, kupeana pole, kupigana viganja, hakuna mtu atakusumbua. Lakini kama wewe ndo kocha wa mwenzako na leo wote mnashindana, usijifanye kuwa kocha ndani ya kamba, muulizeni refa mapema anataka muishi vipi, manake onyo la msaada linampata anayetoa na anayepokea.

Sasa upondo wenyewe. Kwenye mazoezi kocha anakaa karibu na boksi, anakusukuma mgongoni ukichomeka upondo ili uingie kwenye godoro vizuri, anadaka upondo. Kwenye mashindano kusukumwa sahau. Kudaka ndo kuna kona zake: ukishaachia upondo hakuna mtu anayeruhusiwa kuugusa, hata wewe mwenyewe, isipokuwa kama upondo unaanguka kuelekea upande usio na mwamba na nguzo. Kwa hivo upondo ukirudi nyuma kuelekea njia ya kukimbilia, ofisa anaweza kuudaka usigonge chini, ni sawa. Lakini upondo ukienda mbele kuelekea mwamba, na mtu mwenye huruma akaruka akaudaka, na refa akaona kwamba bila huyo mtu mwamba ungeanguka, mruko wako ni kosa. Ulivuka vizuri, hukugusa kitu, lakini umekosa kwa sababu ya msamaria. Kwa hivo kabla ya kuanza waulize maofisa nani anadaka leo na kama anaijua hio sheria, hasa kama ni kijana wa shule aliyeletwa kusaidia siku hio. Zoezi la kuuachia upondo urudi nyuma kwa kuusukuma na mkono wa juu lifanye nyumbani, litakuepusha na haya yote.

Upondo wa mtu usiuchukue bila ruhusa yake, hilo nalo ni sheria, si adabu tu. Mwenyewe akikubali, ruka. Upondo ukivunjika wakati unaruka haihesabiwi kosa, unapewa mruko mwingine, lakini sasa mtaongea nani analipa, na hio World Athletics hawakuandika. Unaruhusiwa kupaka kitu mikononi au kwenye upondo ili ushike vizuri, glavu pia. Tepu kwenye sehemu ya kushika iwe imezungushwa sawasawa, isitengeneze pete au kijivimbe cha kuzuia mkono kuteleza.

Alama za kukimbilia unaruhusiwa mbili, unaziweka kando ya njia wewe mwenyewe, kocha asiingie kukuwekea hata akiwa na futi kamba yake. Chaki hapana, wala kitu kingine kinachoacha doa lisilofutika. Kama waandaaji hawajakupa alama tumia tepu ya kubandika. Na mwamba unaweza kuomba usogezwe popote kuanzia sifuri mpaka sentimita 80 kutoka nyuma ya boksi kuelekea godoro, unamwambia jaji kabla mashindano hayajaanza na anaandika. Ukitaka kubadilisha sema kabla hawajaanza kuweka ile namba yako ya zamani, ukichelewa muda wako unaanza kuhesabiwa wakati wao bado wanahangaika na nguzo. Hapa kocha anaweza kukupigia kelele "sitini!" kutoka kwa mti, sawa, lakini mwamuzi anasikia mdomo wako tu. Vivyo hivyo kwa kupita urefu, yaani kuuacha bila kuujaribu. Kocha akiamua mpite mita 3.00, wewe ndo unamwambia jaji, vinginevyo utaitwa na saa itaanza.

Muda: mkiwa zaidi ya watatu ni dakika 1, mkibaki wawili au watatu dakika 2, ukibaki pekee dakika 5, na miruko miwili mfululizo unapewa dakika 3. Bendera ya njano inapanda zikibaki sekunde 15. Kama umeshaanza kukimbia muda ukaisha mruko wako unahesabiwa, kwa hivo maongezi marefu na kocha kwenye kamba yafanye wakati wenzako wanaruka, usisubiri jina lako.

Mambo ya mwili, kwetu wazee ni muhimu. Kufunga bandeji au tepu kwa ajili ya jeraha inaruhusiwa, lakini daktari au mtu wa kukanda misuli anayeingia ndani awe ni yule wa waandaaji, mke wako hata kama ni nesi wa miaka ishirini abaki nje. Na choo, jamani, tunajijua. Usiondoke kimya kimya ukidhani utarudi haraka, omba ruhusa na uende na ofisa, ukijiondokea bila ruhusa unapewa onyo.

Ukipewa onyo la msaada kwa mara ya kwanza bado unaendelea kuruka, ukirudia unatolewa kwenye mchezo huo. Kwa hivo ukiona kadi ya njano mwambie kocha wako kwa sauti nini kimetokea ili asirudie kilichowaponza, manake mara nyingi yeye ndo hajui. Na kama unaona umeonewa, mfano wamesema upondo ulizuiwa na wewe unajua upondo ulikuwa unarudi nyuma, lalamika kwa mdomo hapo hapo kwa refa, kabla mwamba haujainuliwa. Usipayuke, sema tu unapinga na kwa nini, ana mamlaka ya kukuacha uendelee wakati jambo linaangaliwa. Kuhusu matokeo ya mwisho una dakika 30 tangu yatangazwe rasmi, na hapo hata mtu mwingine anaweza kukusemea, kwa hivo kocha wako aliyekaa chini ya mti siku nzima sasa aje aongee.