SOMO: Mnunuzi akisema "nimeshatuma", usipakie bado

Nimechoka kupigiwa simu kwa jambo lile lile kila msimu wa viazi. Naandika mara moja.

1. Weka namba ya siri kwenye simu. Tunaiacha kwa mchajishaji kutwa nzima ikiwa wazi.

2. Namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

3. Piga *106#, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

4. Meseji ya malipo siyo malipo. Hapa ndipo nilipoliwa. Tuko shambani Umalila, manyunyu, Fuso inanguruma, vibarua wanadai chao. Meseji ikaingia: jina la mnunuzi, kiasi, mpaka salio jipya. Nikaruhusu magunia 38. Jioni kwa wakala salio ni shilingi 11,000. Kumbe meseji ilitoka namba ya kawaida, na mimi nilisoma kiasi tu! Kwa hiyo fungua menyu mwenyewe (M-Pesa ni *150*00#) uangalie salio. Usiamini hata jina la mtumaji juu ya meseji, nalo linaghushiwa. Mtandao ukisumbua, gari lisubiri. Dereva akifoka mpe chai.

5. "Nimekosea kutuma, nirudishie." Usirudishe. Mwambie apige 100, mtandao wake umshughulikie.

MASWALI

Tukuyu: Nimeambiwa nimepata mbolea ya ruzuku, nitume 20,000 ya usafiri. Nitume?
– Umesoma somo au kichwa cha habari? Usitume. Namba hiyo iripoti kwenda 15040.

Makete: Shikamoo kaka. Shambani kwetu mtandao mpaka upande kilima. Tufanyeje?
– Marahaba mdogo wangu, hilo ndilo swali. Malizaneni kijijini kabla gari halijaingia shambani. Mimi siku hizi laini ya malipo anabaki nayo mke wangu penye mtandao. Akishaona salio anatuma kijana na bodaboda. Boda isipofika, hakuna gunia linalopanda.

Mafinga: Huo si utapeli wa mtandao, ni uzembe wako.
– Uzembe nimeukiri hapo juu. Wewe leta somo lako.

Makete: Na laini ikipotea kaka?
– Piga 100 kwa simu yoyote ya mtandao huo waifunge, siku hiyo hiyo. Usingoje kwenda mjini.

Njombe: Polisi ulienda?
– Nilienda. Swali la kwanza: yale magunia yalikuwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo?

Njombe: Yalikuwa?
– Tuendelee na maswali mengine.